Jiwe la Kamba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alijaza mapipa mawili ya maji, akaifuta kamba ya kuanikia kwa kitambaa chenye unyevu, kisha akatoka kwenda kuangalia dunia imeamkaje. Kazi mbili za kwanza alipewa na mama yake. Ya tatu alijipa mwenyewe.

Jina lake la shuleni lilibaki kwenye daftari la mahudhurio. Mtaani aliitwa Redio, na alilistahili jina hilo. Nani kanuniana na mkwewe, paka wa nani kazalia kwenye kabati la nani, mwalimu gani kanunua viatu vipya vinavyolia kama chura: yote yalipita kwake kwanza, ndipo yakawafikia wengine. "Mtoto huyu hana kitufe cha kuzima," bibi yake alikuwa akilalamika. Lakini jioni bibi huyo huyo ndiye aliyevuta kigoda na kuuliza, "Ehe, mjukuu wangu, leo kuna nini?"

Mama yake Redio alikuwa dobi. Mteja wake mkubwa ilikuwa nyumba ya wageni iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mara mbili kwa wiki zilikuja shuka arobaini na foronya zake, zikafuliwa, zikakaushwa, zikapigwa pasi, zikarudi zimekunjwa kama kurasa za kitabu kipya. Kaka yake Redio ndiye aliyezisukuma kwa mkokoteni. Walimwita Nondo, kwa kuwa kila alipopata nafasi alinyanyua vyuma ili kifua kitune.

Nyumba yao ilikuwa nyuma. Mbele yao, kando ya barabara, palikuwa na karakana ya seremala, Fundi Randa. Ili kufika barabarani, watu wa nyuma walipita kwenye njia iliyoambaa ubavuni mwa karakana. Njia nyingine haikuwepo, ila kuzunguka kwenye mfereji, mahali ambapo hata mbuzi alifikiri mara mbili.

Kamba ya kuanikia ilianzia kwenye nguzo ya nyumba yao na kuishia kwenye jiwe fupi la zege lililokuwa pembeni mwa kiwanja, karibu na mahali njia ilipoanzia. Jiwe hilo lilikuwa na kipande cha chuma kilichochomoza juu, kama kwamba mtu alilitengeneza makusudi kwa ajili ya kufungia kamba. Tangu Redio azaliwe, nyumbani kwao liliitwa jiwe la kamba. Hakuna aliyeliita kwa jina jingine, na hakuna aliyejiuliza nani alilileta pale.

Msimu wa mvua uliopita, maji yalikula udongo, jiwe likalala chali. Kamba ikalegea, shuka zikaanza kuburura matopeni. Mama alikuwa sokoni kutafuta sabuni. Redio akaona, leo nitamshangaza. Akalibingirisha jiwe hatua mbili kubwa kuelekea upande wa karakana, mpaka kamba ikakaza kama uzi wa gitaa. Akachimba, akalisimamisha, akalishindilia kwa mawe madogo. Mama aliporudi akapiga makofi kwa furaha.

"Nani kaitengeneza kamba?"

"Mimi!"

"Mungu akubariki, mwanangu. Wewe si mvivu."

Sifa hiyo Redio alilala nayo, akaamka nayo. Mama hakuuliza kamba imekazwaje, na yeye hakueleza.

Miezi ikapita. Kiangazi kilipofika, upepo ukageuka. Karakana ilikuwa na madirisha wazi upande wa nyuma, na sasa shuka zilikuwa karibu nayo zaidi. Vumbi la mbao likaanza kutua juu ya shuka nyeupe. Mara ya kwanza mama alizikung'uta. Mara ya pili alizifua upya. Mara ya tatu alikwenda kwa fundi huku ameshika foronya mkononi kama ushahidi wa mahakamani.

"Jirani, vumbi lako linanipa kazi mara mbili."

Fundi Randa alikuwa mtu mpole, mwenye penseli iliyokaa sikioni hata akienda msibani. "Dada yangu, vumbi limekuwepo miaka yote. Iweje lianze kukusumbua leo?" Akaifuata kamba kwa macho, kisha kwa miguu. Alipofika kwenye jiwe alisimama. Akainama. Akapiga hatua kutoka kwenye ukuta wake hadi pale, akazihesabu, akazihesabu tena.

"Jiwe hili limesogea," alisema.

"Limesogea?" Mama alicheka. "Mawe ya upande wako yana miguu?"

"Hili ni jiwe la mpaka, mama! Marehemu baba aliniambia: kutoka ukutani hadi hapa ni hatua kumi na moja. Leo ni tisa. Kumbe mnanimegea ardhi kidogo kidogo huku mkinicheka!"

"Usinivunjie heshima, fundi. Nyumbani kwangu hakuna mwizi."

"Basi jiwe limetembea lenyewe."

"Labda limechoka na kelele za msumeno wako!"

Majirani waliosikia walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Mtu mpole akichekwa mbele za watu, upole wake huingia ndani na kujifungia mlango.

Redio alikuwa nyuma ya shuka. Alisikia kila neno. Jiwe la mpaka! Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na habari ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na mdomo wake ulikataa kufunguka.

Kesho yake walikuta njia imezibwa. Fundi Randa alikuwa amepanga mbao kuikata njia nzima, na katikati yake alikuwa ameanza kuchimba msingi wa ukuta.

"Mnataka mipaka?" alisema bila kumtazama mtu. "Tuwe na mipaka. Njia hii imo ndani ya kiwanja changu. Kuanzia leo kila mtu akae kwake."

"Njia ni yetu!" Nondo alifoka. "Tumepita hapa tangu enzi za babu!"

"Kupita hakukufanyi uwe mwenye mali. Hata kuku hupita."

Siku hiyo shuka ziliondoka zimebebwa kichwani, kwa kupitia mfereji. Nondo aliteleza, furushi moja likaingia kwenye maji meusi. Msimamizi wa nyumba ya wageni, mama mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, alizipokea shuka zilizosalia na kuzihesabu polepole.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe," alimwambia mama. "Lakini mgeni hawezi kulalia maelezo. Jumapili zikija pungufu tena, nitatafuta dobi mwingine."

Mama aliitikia kwa kichwa tu. Bibi alipovuta kigoda chake jioni na kumuuliza Redio habari za leo, alijibiwa, "Hakuna kitu, bibi." Bibi akamwangalia kwa muda mrefu. Redio ikinyamaza ghafla, ama imekwisha betri, ama ina hitilafu ndani.

Ijumaa, aliporudi kutoka shule, Redio alimkuta Nondo nyuma ya nyumba na rafiki zake watatu. Walikuwa wameketi juu ya mkokoteni uliokosa kazi. Pembeni yao palilala nyundo mbili za kuvunjia mawe na sururu.

"Kesho asubuhi, kabla hajafungua," Nondo alisema. "Mbao tunazirusha barabarani, msingi tunaufukia. Akitokea, atajua kwa nini naitwa Nondo."

"Naye ana wanafunzi wake pale," rafiki mmoja alisema. "Wale wana mashoka."

"Na waje nayo."

Redio aliwaza nyundo, akawaza mashoka, akawaza penseli ya Fundi Randa ikianguka chini na damu juu yake. Yote hayo kwa ajili ya hatua mbili alizozipiga yeye.

Mama alikuwa kwenye beseni kubwa. "Njoo unishikie huku," alimwita. Shuka nzito haikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja hushika ncha hii, mwingine ile, kila mtu anasokota upande wake mpaka maji yatoke. Walisokota. Maji yakachuruzika.

"Mama."

"Sokota."

"Mama, jiwe nililisogeza mimi."

Mama aliendelea kusokota mizunguko miwili, halafu mikono ikasimama. Shuka ikajifungua yenyewe taratibu kati yao.

"Jiwe gani?"

"La kamba. Wakati wa mvua. Lilikuwa limeanguka, kamba imelegea, nikalisogeza. Sikujua ni la mpaka, mama. Naapa sikujua. Ila tangu juzi najua, na sikusema." Machozi yakaanza kumtoka. "Na Nondo kesho anakwenda kupigana. Wana nyundo."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye povu. Kwanza alionekana mwenye hasira, kisha mwenye aibu, kisha kama mtu anayejicheka. "Nami nikamuuliza kama mawe yana miguu," alisema. "Kumbe miguu yenyewe naifulia soksi kila siku." Akasimama, akajifuta mikono. "Nondo! Njoo hapa, na hizo nyundo ziache huko huko."

Nondo aliposikia habari yote, alitazama chini. "Lakini mama, hata kama jiwe limesogea, njia bado ameiziba."

"Hilo ni la pili. Tunaanza na letu."

Walimkuta Fundi Randa akipiga msasa mguu wa meza. Redio alipiga hodi kwenye mlango ulio wazi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Jiwe halikutembea. Nililisogeza mimi, ili kamba ikaze. Nyumbani hawakujua. Naomba unisamehe."

Msasa ulisimama. Fundi aliwatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi," mama alisema. "Nami nilikucheka mbele za watu. Nisamehe, jirani."

Uso wa fundi ulilegea kidogo, ila kidogo tu. "Nimewasikia. Nitalirudisha jiwe mwenyewe leo hii. Lakini ukuta najenga. Watu wanaopita hapa wanakanyaga mbao zangu, watoto wanaweka vidole kwenye rangi mbichi. Kiwanja ni changu."

Redio alishangaa. Alikuwa ameamini kwamba ukisema kweli, milango yote hufunguka papo hapo. Kumbe kuna milango yenye kufuli mbili.

Mama hakubishana. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na kigoda cha kukunja alichokibeba kila mahali. "Kwenye ugomvi hakuna anayekukaribisha kiti," alizoea kusema. Jumamosi asubuhi alikikunjua katikati ya njia, kati ya mbao za fundi na mkokoteni wa Nondo, akaketi. Mtaa mzima ulikuwepo. Hata waliokuwa wagonjwa walipata nafuu ya kuja kusikiliza.

"Jambo la kwanza," alisema, "fundi, umeligusa jiwe?"

"Nilitaka, lakini giza liliingia."

"Ashukuriwe aliyeleta giza. Jiwe la mpaka haliguswi na mtoto, haliguswi na dobi, wala haliguswi na wewe. Hata ukilirudisha mahali pake kwa nia njema, kesho nani atathibitisha? Jumanne mpima ardhi atakuja na ramani na vifaa vyake. Yeye ndiye atakayesema. Jambo la pili ni njia. Nani ana karatasi?"

Fundi Randa alitikisa kichwa. Mama alitikisa kichwa. Ndipo sauti nyembamba ikatokea nyuma.

"Watu wa siku hizi mnapigana kwanza, mnauliza baadaye." Alikuwa bibi, na kwapani alikuwa amebana bati la biskuti lenye kutu. "Hakuna aliyeniuliza mimi. Wote mna haraka, mnapita kwangu kama mnaokwenda kuwahi treni."

Ndani ya bati mlikuwa na vifungo, vyeti vya kliniki, meno mawili ya maziwa ya mtu asiyejulikana, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Bibi alimpa mwenyekiti, naye akampa Redio. "Soma wewe. Sauti unayo."

Redio aliifungua. Ulikuwa mwandiko wa penseli, uliopitiwa juu kwa kalamu, na chini palikuwa na saini mbili na alama moja ya dole gumba.

"Mimi seremala," alisoma, "nimemuuzia jirani yangu sehemu ya nyuma ya kiwanja changu. Njia ya kwendea kwake imo ndani ya ardhi yangu na itabaki kuwa yangu. Lakini yeye na wanawe na wajukuu wake watapita humo siku zote, na mimi sitaiziba, wala atakayenirithi asiizibe. Upana wa njia ni wa kupitisha kitanda kikubwa, kimebebwa na watu wanne, wawili kila upande, bila mtu kukwaruzwa."

Watu walianza kucheka, lakini Fundi Randa hakucheka. Alikuwa amesogea hadi begani kwa Redio, anautazama mwandiko.

"Ni wa baba," alisema kwa sauti ya chini. "Alipima kila kitu kwa vitanda. Hata kaburi la mama alisema liwe la futi sita kwa tatu na nusu, kama kitanda."

"Umesikia, Nondo?" mwenyekiti aliuliza. "Njia si yenu. Ni ya fundi. Na wewe fundi, umesikia? Ni yako, lakini huna ruhusa ya kuifunga. Umiliki ni wa mmoja, haki ya kupita ni ya mwingine, na vyote viwili vimekaa kwenye ardhi moja miaka yote bila kugombana. Mliogombana ni nyinyi." Akageuka. "Una kitanda kikubwa karakanani?"

"Kipo. Hakijapakwa rangi."

"Kilete. Tupime kama alivyoagiza mzee."

Mbao ziliondolewa. Kitanda kikatolewa. Mwenyekiti mwenyewe alipanga wabebaji: Fundi Randa na mwanafunzi wake upande mmoja, Nondo na rafiki yake upande wa karakana.

"Mimi na yeye?" Nondo alinung'unika.

"Ulileta misuli asubuhi hii, au sivyo? Itumie."

Wakainua. Hatua ya kwanza Nondo aliharakisha, kitanda kikaenda upande, fundi akagonga bega kwenye ukuta wa kiwanja cha pili. "Taratibu, kijana! Hubebi peke yako." Wakatulia. "Moja, mbili," fundi akahesabu, na wote wanne wakatembea pamoja toka barabarani hadi ilipoishia njia, huku Redio akifuata nyuma na kuchora kwa kijiti mstari mahali nyayo za Nondo zilipopita. Walipokitua kidogo katikati ya njia wapumzike, bibi alisogea akajilaza juu ya kitanda.

"Bibi, unafanya nini?"

"Karatasi haikusema kitanda kiwe kitupu. Pelekeni."

Hata Fundi Randa alicheka, kitanda kikatetemeka.

Walipokitua mwisho wa njia, kila mtu aliona. Mstari wa Redio ulikuwa umeacha msingi wa ukuta ndani ya njia, lakini ng'ambo ya mstari, upande wa karakana, ulibaki ukanda mzuri wa ardhi, upana wa mkono mzima, ambao watu walikuwa wamezoea kuukanyaga bila haki. Hapo ndipo fundi angeweza kujenga ukuta wake na mbao zake zikae salama.

Alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Nitaufukia msingi huu leo," alisema. "Na nitajenga pale."

"Nitakusaidia kufukia," Nondo alisema. Kisha akaongeza, kwa shida, "Mzee, jana nilikuwa na nia mbaya. Nisamehe."

"Nilijua. Rafiki zako hunong'ona kama spika za harusi. Ndiyo maana sikulala."

Jumapili mkokoteni ulipita ukiwa na shuka arobaini. Msimamizi wa nyumba ya wageni alizihesabu, akapata arobaini, na kwa mara ya kwanza alitabasamu hadi funguo zikalia. Jumanne mpima ardhi alikuja, akapima kutoka kwenye mawe mengine ya mpaka, akachimba mahali alipopata, akakuta chini ya udongo shimo la zamani la jiwe lile. Jiwe likarudi nyumbani kwake, hatua kumi na moja kamili. Jumatano Fundi Randa alileta nguzo imara ya mbao, iliyopigwa msasa ili isichane shuka, akaisimika ndani kabisa ya kiwanja cha akina Redio, mbali na vumbi.

"Fungia kamba yako hapa," alimwambia Redio. "Jiwe lina kazi yake."

Jioni hiyo bibi alivuta kigoda. Mama alikuwa akikunja foronya, Nondo akijipaka dawa mgongoni kwa sababu ya kumsaidia fundi kuchimba msingi mpya.

"Ehe, mjukuu wangu, leo kuna nini?"

Redio alifikiri. "Bibi, kwa nini ya wenzangu nayasema haraka, na langu lilinikwama siku tatu?"

"Kwa sababu la mwenzio halina uzito ukilibeba," bibi alisema. "Sikiliza. Ulikosea ulipogusa kitu usichokijua, na hilo linasameheka. Ulikosea zaidi uliponyamaza huku watu wanachukua nyundo. Lakini ulisema kabla nyundo haijapanda juu, na mama yako akaomba radhi kabla ya kudai haki. Ndiyo maana tuliweza kukaa tukasoma karatasi. Ardhi haikimbii, mjukuu wangu. Itamsubiri mpima mpaka Jumanne. Mtu akishavunjwa kichwa, hakuna mpima anayeweza kukirudisha mahali pake."

Redio alikwenda kuifuta kamba. Alipofika kwenye nguzo mpya aliigusa, akaivuta kamba, ikakaza. Kutoka upande wa pili fundi alimwita.

"Redio! Leo kuna habari gani?"

"Zipo nyingi, fundi," alijibu. "Ila naanza na zangu."